Mkwe Nyuma ya Goli

Wiki iliyopita mwanangu alinionyesha kwenye simu video ya mzee mmoja wa Kiskoti, uso mwekundu, nyusi nyeupe, akiagwa baada ya kustaafu ukocha. Mtangazaji alimuuliza ni beki gani aliyemsumbua kuliko wote. Mzee akajibu bila kusita kwamba ni mama mmoja wa Bariadi, muuza karanga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka, rafiki yangu. Nilitafuta kiti nikakaa, maana muuza karanga huyo ni mama yangu mzazi.

Mzee huyo, enzi za ujana wake, alikuja kwetu akimfuata mke wake, mkunga aliyeletwa na misheni. Huko kwao alikuwa amecheza mpira wa kulipwa, winga wa kulia, mpaka goti likamwangusha akiwa bado kijana. Akataka kuwa kocha, lakini kila klabu ilimwambia akapate uzoefu kwanza, na hakuna iliyokuwa tayari kumpa huo uzoefu. Kwetu ulikuwepo wa kumwaga. Timu ya kijiji chetu ilifungwa na kila aliyepita, na mwalimu wa michezo aliinoa kwa fimbo. Kamati ikamkabidhi mzungu timu kwa majaribio mpaka mechi na Binza, wale wajanja wa Maswa mjini. Akiwashinda, timu ni yake. Asiposhinda, mwalimu anarudi na fimbo yake, na yeye atabaki kuwa mume wa mkunga.

Asubuhi ya kwanza aliwapikia wachezaji uji, akautia chumvi badala ya sukari. Alisema kwao ndivyo unavyonywewa. Vijana waliumeza kwa heshima, kisha wakapita kwetu kuomba michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, wabadilishe ladha mdomoni. Mama aliwapa huku akimsikitikia yule mkunga kwa ndoa aliyoingia.

Tegemeo la timu lilikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Mbio alijifunzia machungani, akiwatoa ndama wa baba yake kwenye pamba ya watu kabla wenye shamba hawajafika. Lakini kwetu Wasukuma mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani anaingia porini ampishe. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kukiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtoto. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliifanya kwa majivuno makubwa.

Mechi ya kwanza shemeji alichukua mpira katikati ya uwanja, akawachambua watu, akakaribia kona ya kulia. Kwenye kona hiyo ndipo mama alipoweka beseni lake la karanga za kuchemsha siku zote. Shemeji akafunga breki, akageuka, akakimbia na mpira ule ule kurudi golini kwetu, tena kwa kasi kuliko aliyoendea.

Kocha alitupa kofia chini. "Kaona nini? Nyoka?"

"Yule pale ni mama mkwe wake, kocha," nahodha akamweleza.

"Mkwe anacheza namba ngapi?"

Jioni alikuja nyumbani, akatusalimia kwa Kisukuma, "mwadila", vizuri tu, akamwomba mama ahamishe biashara.

"Baba, mimi kona ile nimeuzia tangu binti yangu hajaota meno," mama akasema. "Mwambie yeye ndiye ahame."

Kocha alitafuna karanga. Halafu akaanza kucheka peke yake, mpaka mama akanitazama kuuliza kama mgeni wetu ni mzima.

Siku ya mechi iliyofuata alimwomba mama akae nyuma ya goli letu wenyewe. Basi shemeji akawa hawezi kurudi nyuma hata umwite na filimbi. Alishinda mbele, golini kwa wenzetu, na mabao yakaanza kumiminika. Tatizo lilikuwa kipindi cha pili, timu zinapobadilishana magoli. Mama aligoma kubeba mzigo kwa sababu ya mpira. Kwa hiyo kila mapumziko kocha mwenyewe alijitwika beseni, akivuka uwanja huku anachechemea, mama nyuma yake kwa mwendo wa bibi harusi, mimi na kigoda. Watu walitushangilia sisi kuliko mabao.

Binza nao walikuwa wamesikia. Siku yao ilipofika, mapumziko tukiwa bao moja kwa moja, kocha alikuja kuchukua beseni akakuta karanga zote zimenunuliwa na mzee wa Binza mwenye kofia ya pama. Mzee hakutaka mama ahame. Alitaka akae hapo hapo, awapimie watu wake mmoja mmoja bila haraka. Na goli lile sasa lilikuwa la Binza.

"Mama, nakuomba, twende," kocha alisema.

"Mzigo una mwenyewe, baba. Nitawakimbiaje wateja?"

Kipindi chote cha pili shemeji alizunguka katikati tu. Mwalimu wa michezo, fimbo mkononi, alishaanza kuwaita vijana kwa majina. Karibu na mwisho mpira ukamfikia shemeji, kipa wa Binza akatoka kumkabili, akapitwa. Goli likabaki wazi. Shemeji akainua macho, akamwona mama nyuma ya milingoti, akasimama kabisa. Kocha alipiga goti lake bovu chini kwenye ukoka, mikono kichwani. Mama alimtazama kocha, si mkwe. Kisha akawapa watu mgongo, akajifunika kitenge gubigubi.

"Mwambie shemeji yako hapa hakuna mtu!"

Nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Shemeji, mama anasema hapa hakuna mtu!"

Akapiga. Mpira uliingia ukatua kwenye beseni, karanga zikaruka juu, na sote tukakimbilia uwanjani, hata mimi. Mama alibaki ndani ya kitenge akiuliza, "Limeingia? Jamani, limeingia?"

Kocha alibaki na timu. Baadaye alichukuliwa Mwanza, kisha nchi nyingine, na mwishowe hata zile klabu za kwao zikamkumbuka.

Uwanja ule siku hizi ni vibanda vya simu na fremu za nguo. Wakwe wa leo wanapiga picha mashavu yamegusana. Siwalaumu, ila ile aibu yetu ya zamani naipenda na ninaililia. Mama aliniomba nimsimulie bao lile miaka yake yote. Nilimsimulia vibaya, maana mpira siujui. Aliyeweza kumsimulia vizuri hakuruhusiwa kukaa naye.

Tulimzika mwaka juzi. Watu walipokwenda kula, nilirudi kaburini kufuata kitenge changu. Nikamkuta shemeji, kichwa kimejaa mvi, amechuchumaa kwenye udongo mbichi, anaongea naye moja kwa moja bila kupitia kwangu.

"Mayu, mpira ulinijia mguu wa kushoto," alikuwa akisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Alisimulia taratibu, hatua kwa hatua. Alipofika golini nikamsikia akiongeza mabeki wawili ambao hawakuwepo. Nilisimama pale nalia huku nacheka, nikamwacha awapite wote.