Lami ya Kilima cha Tozier

Jirani yangu anayekaa juu kabisa ya kilima chetu, Verna Pelkey, ni mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia. Kazi yake ni kutandaza lami kwenye njia za watu, zile barabara ndogo zinazotoka barabara kuu kuingia mashambani na kwenye nyumba za kando ya maziwa. Hapa kwetu Maine, kaskazini mwa Marekani, hakuna mtu mwenye kipande cha lami cha Verna uani kwake ambaye hajakisifia mbele ya wageni. Lakini miaka yote hiyo njia ya kwake mwenyewe ilikuwa ya udongo.

Njia hiyo ni yetu sote, nyumba sita za Kilima cha Tozier. Si ya mji wala ya serikali. Greda la mji hufika kwenye masanduku ya barua pale chini, likageuza. Kila mwezi wa nne theluji ikianza kuyeyuka, udongo wetu ulikuwa unageuka uji. Mimi naendesha basi la shule, na kwa wiki tatu nzima nilikuwa naliacha chini, napanda kwa miguu nikijishikilia kwenye ua wa jirani yetu Hollis Varnum. Verna naye alikuwa akirudi kutoka kumlainishia daktari fulani njia yake kule ziwani, gari likazama palepale kwenye kona, nasi tukatoka na mbao kumkwamua.

“Fundi huyo anakuja!” tulikuwa tukimpigia kelele. “Fundi wa lami, mwenyewe kwenye tope!”

“Cheka tu, Nadine,” alikuwa akinijibu, kichwa nje ya dirisha. “Ila sukuma huku unacheka.”

Kazi hii hakuirithi kwa mtu. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili kampuni moja ya barabara ilimwajiri kushika kibao: upande mmoja “simama”, upande wa pili “polepole”. Siku moja ya mwezi wa saba, jua kali, mtu wa reki akazimia kwa joto. Mtu wa reki ndiye anayesawazisha lami kwa mkono pale mashine isipofika, kwenye kingo na kwenye maungio, na lami haimsubiri mtu azinduke. Verna akatupa kibao chake kwenye majani, akaokota reki.

“Weka chini hiyo, binti, utajichoma!” akapiga kelele msimamizi.

Verna hakumsikia, au alijifanya hasikii. Alikuwa ameshinda miezi miwili akiwatazama, na mikono yake ilikuwa ikiyajua mambo kuliko alivyojua mwenyewe. Alipomaliza ungio, msimamizi akapiga magoti, akalaza rula ndefu juu yake, akachungulia chini yake kutafuta mwanga. Hakuuona. Akasimama, akamwonyesha Verna ungio linalofuata. Kesho yake asubuhi kibao kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Miaka thelathini na mmoja baadaye alikuwa na kikundi chake mwenyewe: watu wanne, lori, rola moja ya kushindilia na mashine ya kutandazia aliyoinunua ikiwa nzee. Dereva wa rola ni Emile, mtu mkubwa asiye na haraka, aliyekuwa naye tangu mwanzo.

Tatizo la kilima chetu halikuwa Verna. Alikuwa tayari kuifanya kazi hiyo wakati wowote. Tatizo lilikuwa Hollis Varnum.

Hollis alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, na njia yetu inapita katikati ya nyumba yake na banda lake la ng'ombe. Bila sahihi yake hakuna kinachofanyika. Nyumba tano zilikuwa zimekubali. Tulikutana jikoni kwa Winifred, mwalimu mstaafu, tukala donati zake, tukapiga kura, na kila mwaka Hollis alifuta mdomo, akasema, “Hapana.” Kisha akachukua donati ya pili.

Wengine walisema ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu. Miaka kumi na mitano nyuma walipita watu wawili na lori lisilo na jina. Walimwambia Hollis kwamba wametoka kutengeneza barabara hapo jirani, lami imebaki, itakuwa dhambi kuitupa. Mkewe alikuwa mgonjwa wakati huo, na Hollis alitaka kiti chake cha magurudumu kipite vizuri kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Akakubali. Walimwaga kitu cheusi chenye kung'aa, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa mafuta machakavu yaliyochanganywa na mchanga. Baridi ya kwanza tu ikabambuka kama ngozi ya nyoka, na mpaka mkewe anafariki kiti kile kilikuwa kinakwama kwenye mashimo. Mjini walicheka. Hollis hakucheka, na tangu siku ile kwake yeye mtu wa lami na mwizi ni ukoo mmoja.

Verna alilijua hilo, wala hakumlaumu. Watu wale walikuwa wamemharibia jina hata yeye.

Kwa hiyo hakwenda kumbembeleza. Alianza na maji. Mvua ikinyesha, tulimwona akitembea njiani na mwavuli, polepole, akisimama, akichuchumaa, akitia mawe madogo ya rangi hapa na pale. Winifred alidhani ana huzuni fulani, akampelekea supu.

“Huzuni gani, mwalimu?” Verna akamwambia, akiipokea supu hata hivyo. “Nayafuata maji yanionyeshe yanakotaka kupita. Magari hayaui lami. Maji ndiyo yanaiua, tena kutoka chini.”

Msimu huo alichimba mitaro pande zote mbili, akaweka karavati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, kwenye kona yetu mbaya, akamwaga kokoto na kuzishindilia. Hollis aliruhusu, kwa sababu mtaro si lami. Mwezi wa nne uliofuata tope likapungua nusu. Hollis akasimama kwenye ua wake akiutazama mtaro ukitiririka, akasema tu, “Hm.”

Wiki hiyo hiyo Verna akamgongea mlango. Alikuwa amekumbatia kipande cha lami kilichokatwa kwa msumeno, kikubwa kama mkate wa boflo. Nilikuwa jikoni kwa Hollis, nimemletea barua.

“Ni nini hicho?” Hollis akauliza.

“Inchi tatu,” Verna akasema, akikitua juu ya meza. “Nimekikata kwenye kazi yangu ya miaka kumi na miwili iliyopita. Chukua nyundo.”

“Nyundo ya nini?”

“Ya kukipiga, Mzee Hollis. Si ulitaka kuona kama nadanganya?”

Akaenda kuleta nyundo. Akakipiga mara moja kwa adabu, mara ya pili bila adabu, mara ya tatu kikombe kikaruka mezani na sukari ikamwagika. Kipande kikatoka na alama nyeupe tu.

“Umeniharibia meza,” Hollis akasema.

“Aliyeshika nyundo ni nani?”

Nilidhani atamfukuza. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akakigeuza kile kipande huku na huku kama anayekagua yai. Mwishoni akasema, “Inchi tatu. Siyo mbili na nusu. Na nitapima mwenyewe, kila hatua.”

“Pima mpaka uchoke.”

Akatia sahihi.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, hewa kavu, mbingu safi. Saa moja asubuhi Hollis alikuwa njiani, amevaa kofia yake ya sherehe, mkononi fimbo aliyoichonga alama za inchi. Mashine ikaanzia chini, lori likiilisha mbele, Verna nyuma na reki, Emile na rola akija taratibu. Kila futi kumi Hollis alichomeka fimbo kwenye lami ya moto, akainama, akasoma. Verna alikuwa akilifukia tundu nyuma yake.

“Tatu na robo tatu,” Hollis akatangaza.

“Bado haijashindiliwa. Ikishindiliwa inashuka.”

“Tutaona kama itashuka.”

Ikashuka kwenye tatu. Hollis akaonekana kama mtu aliyenyimwa ugomvi wake.

Tulikuwa tumefika katikati, hasa mbele ya nyumba yake, lori la pili likiwa limetoka kupanda na tani kumi na nane, ndipo mashine ikatoa mlio wa paka aliyekanyagwa. Mpira wa haidroliki, ule unaopitisha mafuta ya kuiendesha mashine, ulikuwa umepasuka. Mafuta yakachuruzika chini, mashine ikanyamaza.

Emile akazima rola. “Bosi,” akasema, “mpira wa akiba tulishautumia kule ziwani.”

Verna akapiga simu kiwanda cha lami wasipakie lori la tatu. Lakini lile la pili lilikuwa hapo, likifuka moshi. Lami ya moto haina subira. Ndani ya saa moja na nusu hivi ingekuwa jiwe ndani ya lori la mtu, na kukodi lori la kuitupa kungemaliza kila kitu tulichochanga. Akatazama watu wake wanne. Akatazama kilima. Nilimwona uso umesawajika, na katika miaka yote sikuwahi kumwona hivyo.

“Kwa mikono haiwezekani,” akasema, zaidi kwa nafsi yake. “Watu watano, haiwezekani.”

“Nani kakwambia ni watano?” nikasema. Nikakimbilia kwangu kuchukua koleo, na nikiwa njiani nikapiga kelele kwenye kila mlango.

Wakatoka. Winifred akaja amevaa viatu vya ndani na koleo la theluji. Wale mume na mke wa nyumba ya nne, waliohamia kutoka mjini na ambao hatukuwahi kuwaona wameshika kitu kizito kuliko simu, wakaja na toroli. Verna akatupanga kwa haraka, sauti imemrudia: wewe hapa, wewe pale, usikanyage lami, usiirushe kama unatupa takataka, itue chini polepole.

Lakini koleo nane kwa tani kumi na nane bado ni kidogo, na tuliliona hilo baada ya dakika tano. Ndipo trekta likanguruma bandani. Hollis akatoka nalo, kijiko cha mbele kimepakwa maji ya sabuni mpaka kinameremeta.

“Sabuni ya nini hiyo?” yule bwana wa mjini akauliza.

“Isigande, bwana,” Hollis akamjibu. “Nilikuwa jeshini, kikosi cha viwanja vya ndege. Unadhani ndege zilikuwa zinatua kwenye nyasi?”

Verna akamkodolea macho. “Miaka yote hii unajua kutandaza lami?”

“Najua, na wale wezi wawili walinidanganya hata hivyo. Ndiyo maana sikuwaamini wengine,” Hollis akasema. “Niambie nimwage wapi, mama, inapoa!”

Basi tukaingia. Lori likashusha kidogo kidogo, Hollis akachota na kumwaga mahali Verna alipoonyesha kwa reki, sisi tukasambaza, Verna akasawazisha akirudi kinyumenyume, mgongo wake umeinama, reki ikiteleza mbele na nyuma bila kusita. Joto lilipanda miguuni mpaka magotini. Winifred aliunguliwa na soli za viatu vyake, akavivua, akaendelea na buti za marehemu mume wa mtu, sikumbuki za nani. Yule bibi wa mjini alikuwa mweusi mpaka kwenye nyusi, akicheka peke yake. Emile akaja nyuma na rola, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na haraka.

Ilituchukua saa moja na dakika ishirini. Lori likainua sanduku lake juu kabisa, likalitikisa, hakikutoka kitu.

Tulikaa kwenye majani kando ya mtaro. Hollis akashuka kwenye trekta, akachukua fimbo yake, akaenda kando ambapo rola ilikuwa imeshapita, bado mara ya mwisho tu. Akachomeka. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu mpaka Verna akanyanyuka.

“Imepungua?”

“Imezidi,” Hollis akasema. “Nne kasoro kidogo. Mbele ya mlango wangu.”

“Umemwaga wewe.”

“Uliniambia wewe.”

Verna akaegemea reki yake. Alikuwa anaitazama lami ya pale: kutoka mlango wa Hollis hadi pale gari linaposimama, nyeusi, laini, bila wimbi. Hollis naye akaitazama. Kisha akavua ile kofia ya sherehe, akajipangusa uso, akasema amewasha moto tangu alfajiri na ana chungu cha maharage kwenye jiko na soseji zile nyekundu za kwetu, na kama tunataka kula tuvue viatu kwanza, maana hataki uchafu wa lami kwenye sakafu yake. Tulikula kwake wote, miguu mitupu, mpaka jioni. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia nyumba ile kula tangu mazishi ya mkewe.

Mpira mpya ulifika Jumatatu, na kilima kikamalizwa Jumatano.

Mwaka uliofuata, katikati ya majira ya matope, kanisa liliandaa chakula chake cha jioni. Verna akaingia amevaa viatu vyeupe, visivyo na doa. Watu wakamtazama miguu, kisha uso, kisha miguu tena.

“Umeviazima wapi?” Emile akamuuliza.

“Nimetoka navyo nyumbani,” Verna akasema, akanyoosha mguu mmoja ili kila mtu auone. “Mlangoni mpaka hapa.”

Hollis alikuwa ameshaketi, sahani imejaa. Sasa ndiye mwenyekiti wa njia yetu, amejipa cheo mwenyewe, na hakuna anayepita kwake kwa mwendo zaidi ya kutembea bila kukaripiwa. Akamsogezea Verna kiti.

“Kaa,” akamwambia. “Nina jambo kuhusu ule ukingo wa karavati. Nimeona ufa.”

“Ufa wa ukubwa gani?”

“Unywele.”

“Mzee Hollis,” Verna akasema, akiketi na kujipakulia viazi, “leo nimevaa viatu vyeupe. Niulize kesho.”