Kaa Nayo Tu, Afande

Basi la Riyadh kwenda Jeddah lilipokaribia kizuizi cha polisi, mwanamke aliyeketi mbele yangu alimshika rafiki yake mkono. Walikuwa Wakenya wawili, wafanyakazi wa nyumbani waliopewa likizo fupi, kila mmoja na begi la mgongoni na mkate wa njiani ili wasinunue chakula. Tangu tuondoke walikuwa wakipanga kuizunguka Jeddah kwa miguu.

"Wangu, wakinirudisha je?"

"Si uko na ikama? Madam si alikupa jana?"

"Alinipa. Lakini aki naogopa."

Askari alipanda, akakusanya ikama zetu, kadi za ukaazi, akashuka nazo. Yule dada alifumba macho akaanza kusali, huku akitetemeka hadi kiti chake kikawa kinagonga magoti yangu.

Askari aliporudi, alitugawia kadi zetu, tukazirudisha mikobani, mwisho akamnyooshea yule dada ya kwake. Dada hakuipokea. Aliinua viganja vyote viwili, akasema kwa Kiswahili, "Kaa nayo tu, afande."

"Chukua! Ni yako!" rafiki yake akamsukuma.

"Nimezoea kuwekewa na madam," alisema, akiipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

Sisi tulioelewa Kiswahili tulicheka sana, hasa tunaovaa tai kwenye ofisi za Olaya, kule Riyadh. Kisha kicheko kikakatika ghafla, nikasikia zipu za mikoba zikifunguliwa, moja baada ya nyingine. Kila mtu alikuwa akiitafuta ikama yake. Yangu niliishika mkononi mpaka Jeddah.