Kombe la Mabrouk

Mabrouk, mchukuzi wa bandari ya Malindi, hakuwa mwepesi wa kuamini. Hata salamu aliichunguza kwanza. Mwaka 1997, akiwa na miaka thelathini na tatu, alihisi kitu kimeachia kifuani, na tangu siku hiyo ngazi za nyumbani kwake zikamshinda. Akapelekwa India, mkewe Nassra akafuatana naye.

Daktari mpasuaji alieleza, na Azzan, Mzanzibari mwenzao aliyesoma huko, akafasiri: mshipa mkuu, pale unapoanzia moyoni, ulituna ukapasuka, na damu inavujia chumba kingine cha moyo. Tundu lizibwe, la sivyo moyo utachoka.

"Huku Mashariki ugonjwa huu tunauona sana," alisema daktari. "Ulaya ni nadra."

Mabrouk akamgeukia mkewe. "Umesikia? Wazungu wenyewe hawaujui. Hawa wanataka kujifunzia kwangu."

"Kasema wao wanaujua. Weye ukiambiwa ndiyo, husikia siyo."

"Au kaka unamtaka asiyewahi kuuona?" Azzan akamtania.

Mabrouk akakubali kupasuliwa.

Alikatazwa kula na kunywa tangu usiku, hata maji. Muuguzi alionya kwamba aliyelazwa usingizi kwa dawa huweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Mabrouk hakusadiki. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi na shangazi yake, Bi Mwatima. Wameiona, aliwaza, wanataka niingie bila kinga. Asubuhi akajifungia chooni, akanywa nusu.

"Sijaonja kitu," alimwambia muuguzi.

Nassra aliona manjano kwenye masharubu yake. "Azzan, mwambie kanywa."

"Nassra! Unaniuza?"

"Kwa nani? Nnataka kurudi na mtu, sitaki kurudi na sanduku."

Dhana mbaya humfanya mtu amwone adui yule anayemwokoa. Daktari hakukasirika. Akaahirisha mpaka kesho, akasema kombe alinywe lote leo, kisha asionje hata tone. Mabrouk alitafuta hila katika maneno hayo, asiipate. Akalimaliza mbele ya mkewe.

Kesho yake akaulizwa tena. "Sijanywa," alisema, na ilikuwa kweli. Muuguzi hakumtazama yeye, alimtazama Nassra. Mabrouk akateremsha macho. Hakuwa amewahi kungojea neno la mtu kama alivyongojea lile.

"Hajanywa," alisema Nassra.

Wakamwingiza. Kabla ya adhuhuri tundu lilikuwa limezibwa.