Mkamwana Nyuma ya Ukuta

Miaka ya tisini, upande wa Kimilili, mgonjwa akirudi nyumbani na mpira wa mkojo, jamaa zake waliulizwa kwanza kama wameshafika kwa Nasimiyu. Hakuwa sista wala daktari huyo Nasimiyu. Alikuwa mke wa mtu, mwenye mahindi yake na migomba yake, na sauti ambayo Mungu alimmiminia bila kupima. Watu walimletea aibu zao jikoni: huyu mkojo unamchoma, yule anavuja akicheka, mwingine baba yake anasimama nyuma ya choo mpaka anachoka na hakitoki kitu. Aliwakaripia wote waache dawa za majani za sokoni waende hospitali, kisha warudi awaonyeshe jinsi ya kukaa na mgonjwa. Ujuzi huo aliupata kwa baba mkwe wake, mzee Wakhungu, na nusura umgharimu mzee maisha.

Nasimiyu alizaliwa Malakisi, kwenye tumbaku, ambako watoto huitana kutoka shamba moja hadi jingine, na labda ndiko sauti ile ilikokomalia. Akaolewa na Nyongesa, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye ghala la mahindi huko Kitale na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo kwa siku nyingi boma lile lilikuwa la watu wawili wazima, yeye na mzee, na Wabukusu wanajua ugumu wa jambo hilo. Mkamwana hampi baba mkwe mkono. Haingii chumbani mwake. Hata mahali mzee anapoogea, hupita mbali na uso ameugeuza.

Lakini heshima haikuwazuia kupendana. Nasimiyu alimtolea mzee miiba ya samaki kabla ya kumtengea, maana meno yalikuwa yamepungua. Mzee naye alikuwa akiacha ndizi zilizoiva mlangoni pa jiko, akajifanya hajui zimefikaje. Shukrani zake zilikuwa ni kukohoa kidogo tu. Kwa majirani alilalamika kwa furaha, akisema mkwe wake akiita kuku, hata kuku wa Kitale wanakuja.

Mwaka wa themanini na sita mzee akaanza kuugua, akaficha. Alikwenda migombani mara kwa mara, akarudi amekunja uso. Mkojo ulitoka matone, ukakata, ukaanza tena. Alidhani ni uzee tu. Siku moja hapakutoka hata tone, tumbo likavimba chini ya kitovu, na yule mzee aliyetahiriwa bila kupepesa jicho akalia kwa sauti. Majirani wakambeba hadi hospitali ya misheni ya Lugulu. Huko akatiwa mpira, na mkojo ulipoanza kuteremka alimshika daktari mkono akakataa kuuachia.

Daktari akaeleza kwamba chini ya kibofu cha mwanamume kuna tezi, nayo mtu akizeeka huweza kukua ikabana njia. Angepasuliwa, ila si sasa. Kwanza arudishe nguvu. Kwa miezi kadhaa angekaa na mpira huo, na mfuko wake wa kupokea mkojo.

Swali lilikuwa nani atamtunza. Agneta, binti yake aliyeolewa Kitale, alikuja akakaa mpaka watoto wake mwenyewe wakaanza kumlilia. Nyongesa alikuwa kazini. Aliyebaki ni Nasimiyu, mtu pekee asiyeruhusiwa. Ndipo akatokea Wekoye na blanketi lake begani.

Wekoye na Wakhungu walitahiriwa asubuhi moja, na watu wa namna hiyo, bakoki, hawafichani kitu. Hutukanana mbele za watu na hakuna wa kukasirika. Shamba lake karibu na Kitale aliwaachia wanawe. "Hiyo kitu yako niliona tangu tukiwa vijana," alimwambia mgonjwa mlangoni, "sasa itanishtua nini?"

Moyo alikuwa nao. Kichwa ndicho kilichovuja. Sista alikuwa amemfundisha Nasimiyu kila kitu barazani pa wadi, mfuko mtupu mkononi. Nasimiyu akamfundisha Wekoye, na Wekoye akasahau kabla jua halijatua. Basi wakagawana kazi. Wekoye alikuwa mikono, ndani ya chumba. Nasimiyu alikuwa akili, nje, nyuma ya ukuta wa udongo, kati ya migomba.

"Baba Wekoye, umeosha mikono?"

"Nimeosha!"

"Na sabuni?"

Kisha maji yakasikika tena. "Sasa na sabuni!"

"Mfuko umejaa namna gani?"

"Umepita nusu. Na rangi ni kama chai ya mtu mchoyo wa maziwa."

"Hiyo ni kwa sababu hakunywi maji. Mpatie vikombe viwili."

"Anakataa. Ati akikunywa sana atatusumbua."

"Mwambie asipokunywa ndio atatusumbua!"

"Mimi si kiziwi," mzee Wakhungu alinguruma kutoka kitandani, na kikombe kikasikika kikiinuliwa.

Wapita njia walicheka, na Nasimiyu mwenyewe alicheka. Lakini homa ikaja. Wakapewa dawa, ikaondoka, ikarudi. Nasimiyu alirudia maswali yake yote, ya sabuni, ya maji ya kunywa, ya rangi ya mkojo, na Wekoye akajibu kila moja sawasawa. Nasimiyu hakuona kosa lilipo. Mzee alikonda, na upasuaji ukazidi kusogea mbali, maana hakuna daktari angempasua katika hali ile.

Siku moja Wekoye alikwenda Kitale kutazama mahindi yake, alale huko. Mchana Nasimiyu akaita kupitia ukuta. Mzee hakujibu. Akaita tena, na safari hii mzee akajibu habari za ng'ombe waliokufa zamani, akiwaita mmoja mmoja kwa majina. Majirani walikuwa mazishini, ng'ambo ya mto. Nasimiyu akasimama mlangoni mwa chumba. Akiingia, mzee huenda asimtazame tena maisha yake yote, na wanawake wa kanisa wangekuwa na la kusema mwaka mzima. Asipoingia, mzee alikuwa anakufa mle ndani, na yeye yuko nje akiuliza habari za sabuni.

Akajifunga leso, akaingia.

Mfuko ulikuwa juu, kwenye msumari, kando ya kofia ya mzee na koti lake la Jumapili. Mpira ulipanda ukutani kutoka kitandani, mkojo umesimama ndani yake hauendi popote. Siku zote zile hakuuliza mfuko unakaa wapi, kwa sababu alikwisha kusema mara moja kwamba ukae chini kuliko mgonjwa, na hakufikiri kuna binadamu atakayeutundika kama koti. Akauteremsha, akaufunga kwenye mguu wa kitanda. Akamfunika mzee blanketi bila kutazama pasipo lazima. Mzee akafungua macho, akamwona, akayafunga tena. Nasimiyu akatoka mbio, akapiga ukelele ambao waombolezaji waliusikia ng'ambo ya mto wakaacha jeneza.

Huko Lugulu sista alisema mfuko ukiwa juu ya kibofu, mkojo hurudi ndani na uchafu wake, na uchafu huo ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye figo. Wekoye aliporudi akaambiwa, aliketi chini kwenye vumbi.

"Mama, huko chini kuna kuku, wanadonoa," alisema. "Na kitu ya mzee, nitaweka chini namna gani, kama takataka?" Kisha akalia bila kujificha. Nasimiyu alikuwa amejiandaa kumgombeza, akaacha. Mtu alitundika mfuko ule kwa mapenzi.

Mzee alipona homa, akarudi nyumbani, lakini kwa Nasimiyu akawa bubu. Kile kikohozi cha shukrani hakikusikika. Chakula kilirudi nusu, maji karibu yote. Nyongesa alipokuja mwisho wa mwezi, baba yake alizungumza naye habari za mbolea tu. Nasimiyu alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na sasa aliamini amempoteza kwa kumwokoa. Usingizini aliota anarudishwa Malakisi.

Kisha mahindi ya Kitale yakakauka, na wana wa Wekoye wakamwita babao akavune. Aliondoka akitazama nyuma. Mzee akabaki peke yake na mfuko, na vidole vyake vilitetemeka mno kufungua kizibo cha kumwagia mkojo. Asubuhi ikapita, mchana ukaingia. Nasimiyu alijua mfuko unajaa. Alisimama migombani akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakujua kuwa anayo, "Baba, nimwite nani?"

Badala ya jibu akasikia kitu kinakwaruza ukuta. Alidhani ni panya. Kukwaruza kukaendelea, kukatulia kama mtu anayepumzika, kukaanza tena, na udongo ukaanza kudondoka karibu na goti lake. Ncha ya kisu ikatokeza. Tundu likapanuka likawa kama la kupitisha mkono. Mle ndani mzee alikuwa anahema, mzee aliyeukanda udongo wa nyumba ile kwa miguu yake mwenyewe siku alipooa.

"Baba, unafanya nini? Unabomoa nyumba?"

"Nyumba ni yangu," alisema mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile. "Wewe huwezi ingia huku. Na mimi sitaki kufa. Si lazima mtu aingie."

Akakohoa, kile kikohozi chenyewe. Kidogo kidogo, kupitia tunduni, chini kabisa ya usawa wa kitanda, ukatokeza mfuko, umejaa, umeshikwa na vidole vinavyotetemeka.

"Mama," alisema, "pokea."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Nasimiyu hadi shingoni. Aliinyoosha mikono, akairudisha.

"Ngoja kwanza nioshe mikono, baba. Na sabuni."

"Osha," alisema mzee. "Mimi nakungoja."