Pile Iliyoibiwa Ndani ya Saa Yangu

Acheni niseme mwenyewe kabla soko zima la Baraka halijawaambia.

Mdogo wangu aliye Ubelgiji alinitumia saa ya bei kali. Mimi ni sekretere wa shule, kazi yangu ni kukaa. Tangu siku hiyo nilikaa mkono umelala juu ya meza kama umevunjika, ili kila mzazi aione vizuri. Mkanda wake ulikuwa mrefu mno kwa mkono wangu, nikaupeleka upunguzwe kwa Papa Nestor, mkimbizi wa Burundi anayetengeneza saa sokoni. Akaupunguza vizuri. Kesho yake saa ikasimama.

Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa chefu wa soko, nikamshitaki Papa Nestor kwamba ameiba pile, yaani betri, ya saa yangu. Watu wakajaa. Wengine wakaanza kumwita mwizi, nami sikuwazuia.

Papa Nestor aliichukua saa. Alifungua mgongo wa saa, akamwonyesha chefu vigurudumu na kipande cha chuma kinachozunguka. Hata mahali pa kuweka pile hapakuwepo. Akaifunga, akanivalisha.

“Sekretere, piga makofi.”

Nikapiga peke yangu, mbele ya bamama wauza samaki wadogo wa ndagala. Sindano ya saa ikaanza kutembea.

Chefu akauliza, “Sasa pile iko wapi?”

“Pile ni yeye,” Papa Nestor akajibu bila kucheka. “Hii saa inakulaka mwendo wa mukono. Saa iko muzima, chefu. Ni sekretere njo hafanyaka kazi.”