Uchunguzi wa Mbalamwezi

Kitenge cha mama kilikuwa kimelowekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba, juu yake kimefunikwa kwa sufuria kuukuu. Niliinua sufuria nikitafuta pa kuloweka nguo zangu, nikaona maji ni mekundu. Mama alitokea nyuma yangu akaichukua sufuria mkononi mwangu.

"Ni damu ya samaki," alisema. "Acha."

Nikaacha. Lakini ilikuwa mbalamwezi. Kwetu, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika kaskazini ya mji wa Kigoma, dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukikua, samaki hawaufuati tena mwanga wa taa, mitumbwi hupandishwa mchangani na wanaume hukaa wakishona nyavu. Siku ile hapakuwa na samaki hata mmoja kijijini. Tulikuwa tunakula ugali kwa maharage.

Nilijua pia kwamba mama alishakoma kuona siku zake. Nilimsikia mwenyewe akimwambia shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana. "Mimi nimepumzika, wifi," alisema, "sasa hangaika wewe." Walicheka sana. Kwa hiyo niliposimama pale nyuma ya nyumba nikimtazama mama akifikicha kitenge, nilijua amenidanganya.

Nilianza kumchunguza. Akiinuka kwenye mkeka, nilitazama alipokuwa amekalia. Akishika kiuno, nilihesabu kwamba ni ugonjwa. Akicheka, niliona anaficha. Alianza kunywa maji ya mizizi aliyopewa na mama mmoja wa upande wa juu, na nilipomwuliza ni ya nini akasema ni ya uchovu.

Zahanati iko, na haiko mbali na nyumba yetu. Tatizo lilikuwa mganga wake. Yeye amemwoa binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwa mama ni mkwe. Mama akimwona njiani huhama njia, au hujifunika kanga mpaka usoni na kusalimia akitazama chini. Mganga naye hufanya vivyo hivyo. Mama alipougua malaria, alipokea dawa kwa mkono wangu. Kitu kingine chochote cha mwilini mwake kisingeweza kufika kwenye meza ya yule mkwe. Alishasema mbele yetu, "Nimvulie mkwe nguo? Heri nife na heshima yangu." Wakati ule tulidhani ni maneno tu.

Giza liliporudi, boti ilileta nesi wa kike kutoka mjini. Alikuja kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mwanamke anayejua kila nyumba, alipita na spika akitangaza kwamba kipimo ni bure, hakiumi, ni siki tu inapakwa kisha nesi anatazama kwa taa. Lakini usiku uliotangulia mitumbwi ilikuwa imejaa. Wanawake wote tulikuwa mchangani tukianika dagaa, na dagaa wasipoanikwa asubuhi, mchana wananuka.

"Nesi, pima hawa kwanza!" mama mmoja alipiga kelele akionyesha lundo lake. "Wakiwa wazima nami ni mzima!"

"Siki lete tuwakaangie!"

Mama alicheka kuliko wote. Nilimtazama nikaona uso wake umepumua, kama mtu aliyeambiwa kesi yake imeahirishwa. Mimi nilishika dagaa mkononi nikasahau kuwatandaza.

Nesi alikaa zahanati peke yake muda mrefu. Baadaye alishuka mchangani, akafunga kanga kiunoni, akaanza kuanika nasi. Vidole vyake vilikuwa vizito, dagaa wake walilaliana, wanawake wakamtania. Kisha akauliza, "Nyie mnapumzika lini?" Wakajibu kwa pamoja, "Mbalamwezi!" Akasema basi atarudi mbalamwezi, na atamwomba mganga siku hiyo ashinde upande wa shule. Hilo la mganga alilisema polepole, na wanawake wakaacha kumtania, maana waliona ameelewa.

Sijawahi kuutazama mwezi kama nilivyoutazama kipindi hicho. Ulikuwa unakua kwa kujivuta. Mara mbili tena niliona kamba ya nguo ina kitenge kilekile, kimefuliwa siku isiyo ya kufua.

Asubuhi ya kipimo shangazi alikuja mapema.

"Wifi, twende."

"Nenda wewe. Mimi siumwi."

"Hata mimi siumwi. Wazima ndio wanaoitwa. Au unaogopa nesi ataona umezeeka?"

"Nyamaza huko mbele ya mtoto."

"Mtoto gani, huyu? Huyu naye anakuja, atatushikia viatu."

Mama akasema sawa, akaingia bafuni na kopo la maji. Ndani ya kopo niliona jiwe la shabu. Sikushangaa. Kwetu mwanamke anayekwenda kuonwa na mkunga au nesi hujisafisha kwanza kwa maji ya shabu, akaze, asije akasemwa. Kwenye benchi la zahanati nilisikia kwamba wote walikuwa wamefanya hivyo. Mmoja alijisifu kwamba yeye ameongeza na chumvi.

Mama aliingia. Kati yangu na chumba cha kipimo palikuwa na pazia tu, nami nilikuwa nimepakata kandambili zake. Shangazi alikuwa uani akiwachekesha wenzake. Nilisikia vyombo, kisha sauti ya nesi.

"Mama, umejiosha na nini?"

"Maji."

"Maji gani haya?"

"Na shabu. Kidogo tu."

Nesi alivuta pumzi. "Kosa langu, ningewaambia mapema. Mama, siki huonyesha weupe mahali penye shida. Shabu imekuchubua, kila mahali pamebadilika rangi. Siwezi kusema uko salama, na siwezi kusema unaumwa."

"Basi nimemaliza?"

"Hujamaliza. Usitumie tena shabu, urudi mbalamwezi ijayo. Sasa niambie, tangu ulipokoma, umewahi kuona damu? Hata tone?"

Nilizibana kandambili.

"Hapana," mama alisema.

Nilimsikia nesi akisema, "Vizuri." Nilisikia mama akishuka kitandani. Mbalamwezi ijayo. Kati ya hii na ile lingepita giza zima, na vitenge vingine ndani ya beseni, na mizizi. Nilitaka kunyanyua lile pazia. Sikuweza. Mimi si msemaji hata kwa mambo madogo. Nikitumwa dukani, hurudia neno moyoni njia nzima. Na hata angekuwa msemaji, mtoto wa kwetu hasemi ya mwilini mwa mama yake mbele ya mgeni. Jambo kama hilo lina njia yake, na njia hiyo ni shangazi.

Nilitoka uani nikamvuta kanga.

"Nini? Unataka kujisaidia? Choo kile pale."

Wanawake walicheka. Nilizidi kumvuta mpaka tukafika nyuma ya tangi la maji.

"Mama anaona damu," nilisema.

Shangazi aliacha kucheka. "Nani kakwambia?"

"Nafua naye. Anasema ni ya samaki."

"Labda ni ya samaki."

"Ilikuwa mbalamwezi, shangazi."

Alinitazama, kisha akaondoka. Hakupiga hodi. Nilisikia pazia likisukumwa.

"Wifi, sema mwenyewe, au nitasema mimi."

"Kusema nini?"

"Unakijua. Mwanao yuko nje anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa."

Nilikuwa nimerudi kwenye benchi na sikuthubutu kuinua kichwa. Kisha nikasikia mama akizungumza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akieleza tangu lini, na nesi akiuliza polepole bila kumgombeza. Mwisho nesi alisema, "Hili halingoji mbalamwezi. Kesho panda boti. Nampigia daktari sasa hivi akupokee."

Mama alipotoka alichukua kandambili zake mapajani mwangu bila kunitazama.

Tulienda Kigoma sisi watatu. Hospitalini daktari alimtoa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Mwanza kupimwa, tukaambiwa tusubiri nyumbani. Nesi alimwahidi mama kwamba jibu, liwe zuri au baya, atalileta mwenyewe, wala hatalisema kwenye simu ya mtu.

Kusubiri kule ndiko kulikonimaliza. Mama hakusema nami. Alisema na shangazi, hata mimi nikiwa nimesimama hapohapo. "Wifi, mwambie mwanao achote maji." Shangazi ananigeukia: "Umeambiwa uchote maji." Nachota. "Mwambie chumvi imezidi." "Chumvi imezidi." Shangazi alijaribu kulifanya mchezo, wakati mwingine akibadilisha maneno: "Mama yako anasema u mzuri leo." Mama hakucheka. Usiku nilikuwa namsikia akigeuka, nami nageuka, na wote wawili tunajua mwenzetu yuko macho.

Nesi alikuja wakati wa giza. Nilimwona akishuka kwenye boti, viatu mkononi, maji magotini. Hiyo haikuwa siku yake. Dagaa waliniponyoka wakaanguka mchangani. Alisalimia kila mtu, "Mwakeye," kwa Kiha kibovu, akasogea mpaka tulipokuwa.

"Mama, shikamoo. Tunaweza kwenda nyumbani?"

"Ngoja nimalize fungu hili," mama alisema.

Akaendelea kuanika. Aliwatandaza dagaa mmoja mmoja, kama hana fungu lingine maishani. Nesi aliinama akamsaidia. Hakuna aliyemtania safari hii.

Nyumbani waliingia ndani, mama, shangazi na nesi. Mimi nilibaki nje kama inavyotakiwa, mgongo ukutani. Mlango ukafunguka. Ni mama.

"Ingia," aliniambia, mimi mwenyewe. "Ulianza wewe, sasa ya kujificha nje ni ya nini?"

Nikaingia, nikakaa karibu na mlango. Nesi alisema ni saratani. Alilitaja neno hilo waziwazi, halafu akangoja. Kisha akasema ni changa, bado iko palepale ilipoanzia, ndiyo maana daktari anataka afanyiwe upasuaji Mwanza mapema, kabla haijatembea.

"Nitarudi?" mama aliuliza.

"Wengi wanaowahi hivi hurudi. Kukuapia siwezi, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Nadhani jibu hilo alilipenda kuliko kiapo. Shangazi alikuwa analia kwenye ncha ya kanga.

"Wewe huendi," mama alimwambia. "Unaongea mno, utatufukuzisha wodini. Nitakwenda na huyu."

"Heh! Huyu bubu?"

"Huyuhuyu. Ameshaonyesha anaweza kusema."

Sikujua kama amenisamehe au bado ananichapa kwa maneno. Uso wake haukunionyesha. Aliinuka akasema wingu limekaa vibaya upande wa Kongo na dagaa wako nje, akatoka, shangazi akamfuata akiendelea kujifuta.

Nilibaki na nesi. Alikuwa anavaa viatu vyake. Nilirudia maneno moyoni, yakapotea, nikayarudia tena.

"Damu ikija tukiwa njiani," nilimwuliza, "nifanye nini?"

Akakaa tena chini, akaanza kunieleza, nami nilisikiliza kila neno huku nje nikimsikia mama akiita watu waje kumsaidia kuanua.