Mashimo ya Meza ya Anders

Ukitaka kumuudhi Ignace, mwambie umeona mahali alipoziba. Waweza kumwambia bei zake kali, waweza kumwambia karakana yake pale Doornfontein inanuka gundi mpaka barabarani, atacheka tu. Lakini useme umeliona shimo alilolijaza kwenye ubao, hapo umemgusa pabaya. Atawasha taa, atavaa miwani, atakuomba uoneshe kwa kidole. Na wewe, nakwambia, hutaonesha kitu.

Kazi yake ni mbao za zamani. Nyumba ikibomolewa Troyeville au Bertrams, yeye yuko getini kabla vumbi halijatua, anauliza habari za sakafu na fremu za milango. Anazipeleka karakana, anazing'oa misumari, anazifanya meza na makabati ya watu wanaotaka kitu cha kale kisichoonekana kuwa kimeteseka. Ni mtu wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameishi Johannesburg, mji mkubwa wote huu ambao maji yake ya maana ni ya mabwawa ya kuogelea ya matajiri wa kaskazini mwa mji.

Ana tabia moja inayowachekesha majirani. Chochote anachokitoa ndani ya mbao hakitupi. Msumari, risasi, kipande cha waya, hata kifungo cha shati kilichoanguka kati ya mbao za sakafu miaka themanini iliyopita, vyote vinaingia kwenye makopo ya maziwa ya unga, na juu ya kila kopo anaandika ubao ulikotoka. Rafu nzima imejaa. Zuhura, fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke wa Tanga mwenye ulimi usiojua likizo, alimuuliza siku moja uchafu ule anauweka wa nini.

"Mbao inatokaka fasi fulani, dada Zuhura," Ignace akasema. "Haifai ikose hata alama moja."

"Na wewe umetoka mahali, fundi. Mbona husemi?"

Ignace akawasha mashine ya kuranda, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kila Jumapili baada ya ibada humpigia mama yake Kalemie. Mama huanza kwa maneno yaleyale, "Ngoja kwanza nikae," na Ignace hungoja akisikia kitu kikiburutwa kwenye sakafu ya udongo. Kisha huzungumza habari za mvua, mihogo, na nani kaoa. Kuna jina moja ambalo hawalitaji, la Parfait, mdogo wake Ignace. Hawakukubaliana kutolitaja. Ilitokea tu, mwaka ukapita, na mwingine.

Meza yenyewe ililetwa mwezi wa tatu kutoka Randburg, kwenye bakkie, gari dogo la mizigo, ya watu wa kuhamisha vyombo. Ilikuja na karatasi yenye maneno machache tu: mguu umelegea, tafadhali tengeneza vizuri. Chini yake jina, Bi Lategan, na namba ya simu. Ilikuwa meza fupi, nene, ya mwaloni, ya kukandia mikate. Mguu Ignace aliumaliza kwa saa moja. Lakini uso wa meza ulikuwa na mashimo na mifereji ya unene wa kidole, imekwenda huku na huku, ubao wote umetobolewa. Ignace aliutazama akaona kama ametukanwa.

Hakuna aliyemwambia ayazibe. Alisoma lile neno "vizuri" akalielewa kwa namna yake, kama fundi yeyote mwenye majivuno angelielewa. Siku nne nzima alichanganya unga wa mwaloni na gundi ya ngozi, ile ya zamani ya kuchemsha, akajaza mashimo sitini na matatu, akapiga msasa, akapaka nta. Kabla ya kuziba alikwangua ndani, na ndani akakuta kitu cheupe, chembamba, kigumu, mfano wa ganda la yai. Hakuwahi kukiona. Mchwa anawajua, funza wa mbao anawajua, hakuna hata mmoja anayeipaka chokaa nyumba yake. Akavitia vile vipande kwenye kopo, akaandika: Randburg, meza, kitu cheupe. Moyoni akajiambia atauliza siku moja.

Bi Lategan alikuja mwenyewe kuiangalia. Bibi wa miaka themanini na kitu, mkongojo mkononi, viatu vimepigwa rangi. Alipitisha kiganja juu ya meza, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mashimo yako wapi?" akauliza.

Ignace alitabasamu kwa furaha. "Hayapo, mama. Tafuta."

Bibi akavuta kiti akaketi. Hakulia kwa sauti, lakini machozi yalimtoka, na Ignace akabaki amesimama na kitambaa cha nta mkononi, hajui akiweke wapi.

Ndipo akaambiwa. Baba wa babu yake huyu bibi aliitwa Anders, seremala wa meli za matanga. Miaka ile, bibi akasema, pwani ya kusini ilikuwa inameza meli moja baada ya nyingine. Dhoruba moja ya usiku ilitosha, asubuhi ufuo umejaa vipande. Meli ya Anders ilivunjika mwaka 1885. Yeye akafika nchi kavu. Kwa maneno ya Anders mwenyewe, wiki ileile aliokota mbao za meli, akatengeneza meza hii, akaanza safari ya kurudi kwa mkewe. Shida ni kwamba mkewe alimwona miaka mitatu baadaye. Hakuna barua, hakuna salamu. Alipotokea akiwa na meza mgongoni mwa gari la ng'ombe, watu walisema palikuwa na mwanamke mwingine huko pwani, na kwamba meza ni ya mnadani. Akamchukua mkewe wakaja huku kwenye dhahabu, na uvumi ukaja nao.

"Ukoo wangu umegawanyika kwa ajili ya meza hii," bibi akasema. "Kaka zangu wamezikwa wakiamini mzee alikuwa mwongo. Bibi yangu alikuwa ananishika kidole anakiingiza kwenye shimo, ananiambia, hapa bahari ilipita. Mwezi ujao naingia nyumba ya wazee, na meza inakwenda kwa mjukuu wangu. Nilitaka kumpa pamoja na ushahidi wake. Sasa nina meza nzuri tu."

Ignace aliona aibu mpaka masikioni. Miaka yote anaokota alama za mbao za watu, halafu hii iliyokuwa na alama ya pekee kaifuta kwa mkono wake, tena kwa kujivuna. Akaomba wiki tatu. Bibi akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kitu.

Jioni hiyohiyo alichukua kopo akaenda mlango wa pili.

"Dada Zuhura, angalia hii kitu. Iko nini? Kwetu kwa ziwa hatuionaka."

Zuhura alisimamisha cherehani, akamimina vile vipande vyeupe kwenye kiganja, akacheka. "Huyu tunamjua. Mdudu wa baharini huyu, anakula mbao. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa kukalafati vyombo, kuziba nyufa zake, pale Tanga, ugomvi wake wa maisha ulikuwa na huyu. Anaingia akiwa mdogo, kitundu cha sindano, huwezi kukiona. Ndani ndiko anakula, ananenepa, anajipaka chokaa njia nzima. Nje ubao mzima, ndani umekwisha."

"Na kwa maji ya ziwa?"

"Anakufa. Chumvi ndiyo maisha yake. Ndiyo maana chombo kinapakwa deheni chini, chokaa na mafuta, asipate pa kuingilia. Lakini ubao uliotelekezwa baharini, huo karamu."

"Anamaliza kazi kwa wiki moja?"

"Wiki gani, fundi. Akifika unene wa kidole hivi, huo ubao umelala majini mwaka, na zaidi ya mwaka."

Ignace alirudi na furaha, maana meza ilikuwa ya bahari kweli, si ya mnadani wala nini. Alichemsha maji, akaanza kufungua mashimo yake mwenyewe moja moja kwa kitambaa cha maji ya moto na sindano ya kushonea magunia. Gundi ya ngozi ina adabu hiyo, ukiipa joto inaachia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anabomoa kazi nzuri ya Ignace, na, sijui niseme nini, aliifurahia. Alitaka kujua. Alifuata kila njia ya mdudu kwa tochi, ilikopinda, ilikokwepa msumari wa shaba ulioacha doa la kijani, ilikoishia.

Kwenye shimo la arobaini hivi, furaha ikamtoka. Mifereji ile ya juu haikuwa imeliwa kutoka juu. Ilikuwa njia za ndani zilizopasuliwa na msumeno kwa urefu wake, nusu imebaki mezani, nusu imekwenda na ubao mwingine. Maana yake mdudu alitangulia, seremala akafuata. Meli ikiwa nzima hupakwa chini asiingie, kwa hiyo ubao ulilala baharini mwaka au miaka baada ya kuvunjika, ndipo Anders akaupasua. Ile hadithi ya wiki moja haikuwezekana.

Alikaa kwenye benchi la kazi akawaza. Angeweza kumrudishia bibi mashimo yake akanyamaza. Bibi angeingiza kidole, angefurahi, mjukuu angepokea meza yake. Lakini siku moja fundi mwingine mwenye macho angeitazama. Na zaidi ya hapo, Ignace hajui kuficha kitu cha ubao. Mambo yake mwenyewe anayaficha vizuri sana, ya ubao hawezi.

Wiki ya tatu Bi Lategan alikuja. Aliingiza kidole kwenye shimo la kwanza, akafumba macho. Ignace akamwacha kidogo. Kisha akamweleza yote: mdudu, chumvi, chokaa, msumeno. Alimwonesha mfereji uliopasuliwa, akamwambia muda wake.

Bibi alitoa kidole. "Kwa hiyo alidanganya."

"Meza si ya mnadani, mama. Ni ya meli."

"Lakini si ya wiki ile. Basi ile miaka mitatu alikuwa wapi? Nilikuwa na mashimo, sasa nina mashimo yanayowapa kaka zangu haki."

Ignace alikunja kitambaa chake mara mbili. "Kwenye meli ile alikuwa peke yake? Nauliza ndugu."

"Alikuwa na mdogo wake, Nils. Kijana wa miaka kumi na saba. Huyo hakuonekana tena, hata mwili."

Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Nje mtu alikuwa akipiga honi pale kwenye robot, taa za barabarani. Ignace alivuta kiti cha pili akaketi mbele ya bibi, jambo asilolifanya na wateja.

"Mimi pia nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Parfait. Tulikuwa tunatoka Moba kwa boti, ikajaa, ikapinduka. Mimi nikafika mchangani. Nikasema nitamngoja hapa. Watu walikuja kunichukua, nikakataa. Mama alituma watu, sikuwajibu, ningewaambia nini? Nikienda nyumbani maana yake nimekubali. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja ziwa likatoa ubao mmoja, ule wa kukalia, tuliokuwa tumekalia yeye na mimi. Hapo ndipo niliweza kuinuka. Sikuinuka kabla."

Ignace alipangusa ukingo wa meza kwa kitambaa chake.

"Ziwa ni dogo, mama, lilinijibu kwa siku kumi na moja. Yeye alikuwa na bahari. Siwezi kuapa. Ubao hauniambii alikuwa anawaza nini. Lakini mimi nikiuona hivi, naona mtu aliyekaa ufuoni mpaka kitu kikarudi. Halafu akaenda kwa mkewe akasema wiki moja, kwa sababu mtu atasemaje miaka mitatu? Mimi kumi na moja tu sijawahi kumwambia mtu yeyote mji huu."

Bi Lategan alirudisha kidole shimoni, akakiacha humo. Kisha akauliza, "Na ubao wako uko wapi?"

"Niliuacha palepale mchangani."

Bibi aligeuka akatazama rafu ya makopo, kopo hadi kopo, misumari ya watu, vifungo vya watu, kila kimoja na mahali kilikotoka. Kisha akamtazama yeye. "Na lako?" akasema.

Meza iliondoka Ijumaa. Bibi alimwachia kipande kimoja cha ile chokaa, vingine akavichukua kwa ajili ya mjukuu. Alisema atamwambia yote, hata lile la miaka mitatu, kwanza lile la miaka mitatu.

Jumapili Ignace alipiga simu Kalemie. "Ngoja kwanza nikae," mama akasema, na kile kitu kikaburutwa sakafuni. Safari hii Ignace hakuuliza mvua.

"Mama, siku ile ya Parfait," akasema, na jina likatoka zima, halikumkwama. "Kulikuwaka mbao moja kwa mchanga. Ya kukalia. Niliiacha pale. Kuna mtu aliiokota?"



"Leo njo unauliza," mama akasema. "Miye nilienda kuichukua siku ileile ulirudi, nikaitia miguu. Njo hii niko naikalia."